Tundu la Jozi

Pua yake ililika zamani,
kwa mvua, kwa moshi, kwa vita, sijui. Mimi si msomi,
mimi ni fundi wa mbao.
Kazi yangu katika bustani hii ya wafalme, Warsaw, ni moja:
Novemba nazivika sanamu vibanda,
Aprili nazivua.
Baridi ikiingia kwenye ufa, husema wakubwa,
maji huganda, huvimba,
na jiwe hupasuka kama yai.

Kuna mmoja njiani kwenda ziwani,
bibi asiye na mkono wa kushoto;
wa kulia ameunyoosha, kiganja juu,
kama mtu anayedai chenji.
Mzee Gracjan humwekea humo jozi kila asubuhi,
kisha huenda kukaa benchi la pili, asitazame
(kutazama, asema, ni utovu wa adabu)
mpaka kindi ateremke, achukue, aende zake.
Miaka kumi na tisa.
Watalii huja kwa tausi, kwa jumba jeupe juu ya maji.
Yeye huja kwa kiganja kile.

Mwaka jana nilipoleta mbao alinisimamia.
"Na mimi je, msimu mzima?"
Nikamwambia, Mzee, amri ni amri.
Hakujibu. Alivua kofia tu,
theluji ya kwanza ikamtua kwenye upara.
Basi nikachukua keekee.
Usawa wa kiganja, tundu moja, pana kama ngumi ya mtoto.
Bosi akiuliza, ni la kupumulia.

Desemba nikapita, Januari nikapita:
kibanda kimya, kimevaa kilemba cha theluji,
na njia nyembamba ya nyayo hadi tunduni.
Nikadhani ni nyayo za mtu mmoja.

Aprili nikang'oa misumari, mzee kando yangu,
tai shingoni, kama anayempokea mgeni stesheni.
Ubao wa mbele ukaanguka.
Maganda ya jozi, ndiyo, hadi vifundoni mwa bibi;
lakini pia lozi, sarafu mbili, kifungo cha koti,
pipi ya limau ndani ya karatasi yake,
tikiti ya tramu iliyokunjwa mara nne
na ndani ya mkunjo, kwa penseli: Nijibu.

Gracjan aliiokota pipi, akaigeuza, akainusa.
Uso ukamwiva kama wa kijana.
"Nani," akaniuliza, "nani huyu
anayempa pipi
mtu asiye na meno?"