Sababu ya Hasara

Alikuja Wadi Kabir na faili la plastiki,
vyeti vitatu, picha mbili, na mama yake
aliyebaki garini, kioo kimeshushwa upana wa kidole
apate kusikia tutakayosema.

Yaarub. Miaka kumi na tisa.
Kanzu imepigwa pasi, mkunjo wa kukatia mkate.
Nikamuuliza: Wajua nini habari za viyoyozi?
Akasema: Najua cha kwetu kinavuja.
Nikamwajiri kwa hilo. Waliomtangulia walijua kila kitu.

Wiki ya tatu, nyumbani kwa mteja, Al Khuwair,
alisahau vali. Gesi yote ikaenda zake,
kompresa ikakoroma, ikanyamaza.
Riali sitini na nane.

Fundi Rajan hakumgombeza.
Alinipigia simu, kisha akampa maji,
akamketisha kivulini nyuma ya gari,
maana jua la Julai halichagui mwenye kosa.

Jioni fomu ikafika mezani pangu.
Niliitunga mwenyewe mwaka niliofungua duka,
nikijiona tajiri mwenye mpango:
Tarehe. Kifaa. Thamani. Sababu ya hasara.
Na hapo penye sababu,
kwa mwandiko wa mtoto wa shule,
ameandika: Yaarub.

Nikakaa na jina lile mpaka isha ikaadhiniwa.
Nikamkumbuka mhasibu mmoja wa Ruwi
aliyenikata mshahara mara mbili kwa risiti moja,
nami, msichana wa miaka kumi na minane,
nikatia sahihi, nikasema ahsante.

Nikalikata jina kwa mstari.
Nikaandika: Hakuonyeshwa.
Na chini, penye mwajiri: Ghaniya binti Seif.

Asubuhi nikavaa glavu, simu zikalia peke yake.
Tukailaza kompresa mfu juu ya meza.
Hii ndiyo vali. Fungua. Funga. Isikilize.
Tena.
Tena, baba.
Mara ya tisa mkono wake ukatulia;
wangu ndio ulioanza kutetemeka,
nilikwisha sahau uzito wa spana.

Mama yake bado humleta. Siku hizi kioo hushuka chote.
Leo ameniuliza: Leseni ya gari ataipata lini huyu?
Nikamwambia: Ada ya mwalimu nimeshalipa tangu mwezi jana.
Muulize mwenyewe kwa nini haendi kujiandikisha.

Yaarub ameinama,
anafunga kamba za buti
zilizokwisha fungwa.