Bajeti ya Mitungi

Fomu yauliza jina. Nimejaza: Mwanamkuu Semkiwa,
miaka thelathini na mmoja, kliniki ya kisukari, Tanga.
Yauliza ngazi. Mtafiti chipukizi.
Neno lao hilo, nimelikubali,
ingawa shangazi angecheka:
chipukizi gani mwenye mvi mbili?

Yauliza tatizo.
Haya, mkono, andika.
Insulini yataka ubaridi,
na huku Makorora umeme una miadi yake.
Bi Tunu Mhando hana friji. Ana mtungi.
Kichupa kakifunga kwa uzi wa mkonge,
kakining'iniza ndani, juu kidogo ya maji.
"Nakishika kabla sijasema na mtu," aliniambia.
"Nikikikuta cha vuguvugu, siku imeharibika."

Yauliza: je, jambo hili halijatafitiwa?
Limetafitiwa, katika nchi za jua kavu,
ambako maji huparama upesi na chungu hupoa.
Tanga hewa yenyewe yatoka jasho.
Shati laanikwa asubuhi, alasiri bado lafikiri.
Mtungi utapoa?
Niliandika "sijui",
nikafuta,
nikaandika "haijabainika".

Bajeti.
Mitungi ishirini na minne, kwa mfinyanzi wa Muheza.
Vipimajoto vya kutumbukiza, idadi hiyo hiyo.
Bodaboda: Makorora, Mabawa, Mikanjuni, miezi sita.
Daftari. Betri.
Soda za washiriki,
hapo nikacheka peke yangu usiku ule,
nikakata mstari,
nikaandika karanga.

Jumla, milioni nne na laki mbili.
Wenyewe wanaziita fedha za mbegu,
na wanataka ripoti kila robo mwaka.
Baba alipanda michungwa maisha yake yote.
Nilipokuwa mdogo nilifukua kokwa kila Ijumaa
nione kama limeota.
Aliniacha nifukue mara tatu,
mara ya nne akanipa jembe nipande jingine.

Jibu lilikuja Novemba.
Tumefurahi, lilianza.
Nusu, lilimalizia.
Mitungi kumi na miwili, basi,
na mmoja ukapasuka juu ya bodaboda,
dereva akiapa kwamba haukuwa mzima tangu Muheza.

Leo Machi, saa saba mchana.
Uani kwa Bi Tunu, nje: thelathini na tatu.
Navuta uzi taratibu, nasoma.
Ishirini na saba, nukta nne.
Hatazami kipimo, anatazama uso wangu,
nami nauficha nyuma ya daftari,
naandika namba kwanza, saa, tarehe,
hali ya kifuniko.
"Inafaa?"
"Bado mitungi kumi, Bi Tunu."
Anarudisha kichupa, anafunika,
anafuta mikono kwenye kanga.
"Na hizo karanga mkobani,
ni za utafiti
au unatafuna mwenyewe?"