Namba Themanini na Saba

Nilishuka Kanyabwera na sanduku la vibao,
misumari kilo tatu, nyundo, na daftari la wilaya.
Kutoka Kahunda, nahodha aliniuliza mara moja tu,
bila kugeuka: "Wewe ni wa kutuhesabu, au wa kutufukuza?"
Nikasema ni wa kuandika majina ya mitaa.
Akacheka mpaka boti ikapinda.

Mitaa! Hapa msitu umeuachia mji nafasi
kama mwenye kitanda anavyomwachia mgeni:
ukingo tu, na blanketi nusu.
Duka la Mugeta limeegemea msizi.
Zahanati ina vyumba vinne; cha tano ni cha popo.
Alfajiri mbega wananguruma juu ya mabati,
utadhani kuna watu wanahama na makabati yao.

"Njia hii inaitwaje?"
"Hiyo? Ya kwenda kwa Kulwijila."
"Na ukitoka kwa Kulwijila?"
"Basi inakuwa ya kurudi."

Nikaandika: Mtaa wa Kurudi.
Nikaandika: Alipotelezea Fundi Redio.
Nikaandika: Usipite na Mbwa.
Nikajifunza kutembea upya, kuinua goti penye mizizi,
kufumba mdomo visubi wanapopanda kutoka ziwani
kama moshi wenye mabawa,
kutofautisha ukimya wa nyoka na ukimya wa mvua.

Siku ya kumi na tisa, kibao namba 87 mkononi,
njia ilifika kwenye jiwe la mpaka wa hifadhi
ikapita,
kana kwamba mpaka ni habari za watu wengine.
Nikaifuata.

Ndani, chini ya mivule, palikuwa na uwanja.
Umefagiliwa, mistari ya ufagio imelala
kama nywele zilizochanwa asubuhi ya sikukuu,
na katikati hakuna nyumba.

Mwanamke alikuwa ameinama anaosha kizingiti:
jiwe moja, limebaki peke yake.
"Karibu," akasema. "Pita mlangoni."
Nikapita mlangoni. Niliinamisha kichwa, sijui kwa nini.

Jina lake Nyanjige. Nyumba ilibomolewa
mpaka ulipopimwa, mwanawe wa mwisho hajaota meno.
Mwana sasa ana ndevu, ananunua mabondo Mwanza.
Kila Jumatano mama huja kufagia.
Hapa jiko. Hapa mtungi.
Akanishika mkono nisikanyage kitanda.
Kisha akatazama nilichobeba:
"Na hicho, ni cha nani?"

Daftari lina safu sita.
Ya nne inauliza: Hali ya jengo.
Nilikaa na kalamu muda mrefu.
Mvule ukadondosha jani moja uwanjani,
akaliokota kabla halijatulia.

Nikaandika: Linakaliwa.

Mapigo matano, msumari ukaingia kwenye gome.
Yeye akasogea nyuma hatua tatu, kichwa upande,
kama mtu anayetazama picha ya harusi ikitundikwa.
"Kushoto kidogo," akasema. Ilikuwa imeshachelewa.

Daftari lilirudi wilayani. Mimi sikurudi nalo;
vibao vilikuwa vimekwisha, viazi nilivyopanda
nyuma ya zahanati vilikuwa vinakaribia kukomaa,
na sababu nyingine sina haja ya kuzitaja.
Walinipigia simu mara moja.
"Themanini na saba hatuioni kwenye ramani."
Iko Mtaa wa Kurudi, nikajibu, mwisho kabisa.
"Mwisho upi?"
Mtandao ukakatika. Au niliukata.

Mwaka wa tatu huu. Jumatano nambebea ndoo.
Gome limeanza kuumeza ukingo wa kibao,
nane imebaki nusu, imekuwa tatu.
Nyanjige hajui kusoma. Huniuliza tu, ufagio ukiwa hewani:
"Bado ipo?"
"Ipo."
Anafagia, kuanzia chumbani,
akitoka kinyumenyume mpaka mlangoni.