Mito

Upatu wa mwezi huu haukwenda kwa mtu.
Tulikaa sita jikoni kwa Rukia, Al Khoudh,
tukahesabu riale juu ya sinia la vitumbua,
Ndeshi akasema: zamu yangu naitoa,
twendeni tukaone kitu
ambacho hatutaambiwa tukipanguse vumbi.

Ijumaa, alfajiri ingali mbichi,
gari jeupe la Muhanna likatupitia
mlango kwa mlango, kama la maziwa.
Kiswahili chake alikinyonya kwa mama wa Chake Chake.
Anasema "kunradhi" akikanyaga breki.
Ana maneno ambayo bibi yangu
alikufa nayo Pangani.

Wadi Jizzi. Akazima injini.
Ukuta wa mawe meusi yenye ukijani,
duara juu ya duara,
kama magunia ya mkaa yaliyopangwa na mtu mwenye haraka.
"Hii ndiyo mito," akasema.
Tukachungulia bondeni: changarawe,
mbuzi wawili, pakiti tupu ya laban.
"Mito gani, na maji hakuna?"
Alicheka hadi akashika boneti.
"Mito ya kulalia, jamani!
Moto ulipasuka chini ya bahari
ukatoka kama dawa ya meno,
kila donge likapoa kabla halijamaliza kusema,
likavimba, likamlalia mwenzake.
Bahari ikaondoka. Mito ikabaki."
Lini? Miaka milioni tisini na kitu.
Hiyo "na kitu" aliisema
kama mtu anayedaiwa chenji.

Ndeshi wa Marangu hakutikisika:
"Sisi tumelala chini ya volkeno tangu kuzaliwa,
na hakuna aliyetutoza riale nane."

Mimi nililaza shavu juu ya jiwe moja.
Saa tatu asubuhi, tayari lina joto.
Linanuka sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Maporomoko ya Hoqain ni mafupi, nisiwadanganye.
Ndeshi aliyapima kwa jicho la kwao
akasema ni bomba lililopasuka.
Lakini Rukia, ambaye hajui kuogelea
na huogopa hata beseni,
aliingia na baibui lake, akasimama chini yake,
akaita jina la mwanawe.
Akaita tena.
Mtoto yuko Muheza, ana miaka sita,
minne kati yake ameiona kwenye simu.
Maji hayakujibu, hayakunyamaza.
Sisi tukajifanya tunatafuta viatu.

Alasiri, Rustaq, chemchemi ya Kasfa.
Upande wa wanawake, nyuma ya ukuta,
maji yanatoka ardhini yakiwa yamechemka tayari
na hakuna aliyeamka mapema kuyabandika.
Nikapandisha mkono wa nguo,
nikatumbukiza kiwiko kwanza.
Wenzangu wakaangua kicheko.
Miaka mitano napima hivi maji ya Bibi Ghanima,
kiwiko, kisha kikombe kimoja mgongoni,
kisha "Pole, Bibi, yamezidi?"
Kiwiko hakikujua kwamba leo ni siku ya mapumziko.
Kikaniambia: yanafaa.
Nikamuuliza nani? Hapakuwa na mtu wa kumwogesha.
Nikaingiza miguu yangu,
hii hii, yenye nyufa za sabuni,
nikakaa mpaka vidole vikawa zabibu.

Kurudi, wote walilala isipokuwa mimi na dereva.
Barabara ya Batina, taa na mitende, taa na mitende.
Hakunieleza kitu tena, nikamshukuru kwa hilo.

Bibi Ghanima alikuwa macho.
Tangu majina ya wajukuu yamtoke,
Kiswahili cha utotoni kimemrudia chote,
pamoja na matusi.
"Ulikuwa wapi siku nzima, wewe?"
"Mtoni, Bibi."
"Mtoni ya Unguja?"
"Hapana, ya huku."
Akanitazama nywele, bado mbichi.
Akafikiri.
Kisha akajivuta polepole hadi ukingoni,
akaupigapiga mto wake mara mbili,
akanipisha nusu.