Meza ya Maganda

Gari tuliliuza mwaka ule mtama ulipogoma.
Limebaki doa la oili sakafuni
lenye umbo la ng'ombe aliyelala.
Juu ya doa hilo naweka meza.

Mbao ni mninga, nimezinunua Majengo
kwa mtu aliyeapa kwa mama yake kwamba ni kavu.
Si kavu. Zinatoa jasho usiku,
na asubuhi mguu mmoja unacheza.
Fundi Masima akaja na pimamaji,
akalala kifudifudi kama anayewasikiliza mchwa,
akasema, "Mzee, meza iko sawa.
Sakafu ndiyo inayosema uongo."
Tukakata kipande cha ndala, tukakisukumia chini ya mguu.

Jiliwa nimeifunga kwa boliti nne.
Mashine ya mkono, ya kushindilia,
niliachiwa na Mgiriki wa kampuni ya uwindaji
siku alipofunga kambi akarudi kwao;
mpini umelika pale kiganja kinaposhika,
kiganja kikubwa kuliko changu.
Mizani ndogo nimeificha ndani ya kopo la biskuti,
mbali na dirisha, maana upepo wa Dodoma
haukubali kitu kingine kipimwe mbele yake.
Ukipumua tu, sindano inakataa.
Nimejifunza tena kubana pumzi,
kazi niliyodhani nimeistaafu.

Baruti sina. Fataki sina.
Nina barua, nakala tatu, na risiti ya picha za pasipoti.
Kituoni, kijana mwenye nyota moja begani
aliuliza, "Kujaza risasi nyumbani? Nyumbani kwa nani?"
Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaandika neno refu pembezoni mwa karatasi,
akaniambia nirudi baada ya Pasaka.
Hakusema ya mwaka gani.

Basi nasafisha maganda.
Miaka ishirini na saba ya Rungwa
imo ndani ya soksi tatu za kazi.
Nayamwaga mezani, yanalia
kama njuga za mchezaji aliyelewa.
Siki, chumvi, maji ya moto, halafu jua la Nkuhungu;
shaba inarudi kung'aa
kama vile haikufanya kitu.

Hili ni la nyati wa Mwamagembe
aliyekuwa na waya shingoni, umefika mfupani.
Hili nililipiga hewani kuwaita wenzangu
nilipopotea siku mbili nikinyonya mizizi.
Haya tisa ni ya mazoezi, shabaha ya kopo.
Saba nilikosa. Ripoti inasema mawili.

Na hili.

Hili lina mkwaruzo mdomoni.
Kingo za Mzombe, alfajiri, ukungu;
sauti iliyosema "simama" ilikuwa yangu.
Alikuwa na baiskeli, gunia la nyama ya swala,
na viatu vya shule.
Aliishi. Nasikia anauza vitunguu Itigi,
anachechemea, ana watoto wanne.
Sijawahi kununua kitunguu Itigi.

Kwa vipimo, ganda hili ni zima.
Linaingia kwenye kipimo, linatoka bila kubishana.
Lingejazwa tena hata mara tano.

Nyemo huingia bila hodi.
Ameanika mlenda kwenye nusu ya meza,
"mpaka hao polisi wako waamue,"
na kwenye ile mizani inayokataa pumzi
akapima mbegu za nyanya za jirani.
Nilitaka kugomba. Sindano ikatulia.
Mikono yake haitetemeki.

Akaliona lile ganda, peke yake, juu ya jiliwa.
Akaliokota, akalipuliza kama filimbi.
Likatoa sauti, nyembamba, ndefu.
Mbwa wa ng'ambo ya uzio akanyamaza.
"La nini hili?"
Nikamwambia, la mazoezi.

Meza haichezi tena.
Nimeijaribu kwa viwiko vyote viwili,
kwa uzito wangu wote,
kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji meza.