Kifungu cha Kumi na Moja

Nilikipiga mimi kile kifungu, Kocha Cirhuza,
kibandani kwangu pale Nyawera, mvua ikitwanga bati
na jenereta ikikohoa kama mtu aliyemeza vumbi.
Kurasa mbili, franka elfu moja kwa ukurasa.
Prezida Bagalwa akisema, nami nikiandika:
miaka miwili, dola mia nne kwa mwezi,
chumba na sebule huko Cimpunda,
nauli ya pikipiki siku za mazoezi.
Kila nilipobonyeza nukta, ulitabasamu.

Tukafika kumi na moja.
*Endapo mkataba utavunjwa, fidia italipwa.*
Kidole changu kikasimama.
Nilisoma ualimu miaka miwili kabla ya karo kukatika,
na kauli ya kutendwa naijua:
mtoto amepigwa, ng'ombe ameibwa, fidia italipwa.
Kitendo kipo, kimeandikwa,
ila mtendaji kajibanza nyuma ya ile -wa ndogo
na mlango kaurudisha taratibu.
Nikauliza: italipwa na nani?
Prezida alikuwa anacheka na simu yake.
Ukanijibu wewe: "Piga tu, dada Nsimire.
Bibi harusi haulizi bei ya talaka."
Tukacheka. Hata mimi nilicheka.

Mechi nne za mwanzo ulibebwa mabegani
kutoka uwanjani hadi soko la Kadutu,
ulishangiliwa, ulinunuliwa bia na nyama ya mbuzi,
na hakuna aliyeuliza na nani.

Kisha golikipa Mushagalusha akavunjika mkono,
Novemba ikaufanya uwanja kuwa shamba la matope,
mkafungwa, mkafungwa, mkafungwa tena,
mkatoka sare na watu kumi.
Jumatatu Prezida alikuja peke yake, viatu safi.
Ukurasa mmoja.
*Huduma zako hazihitajiki tena.*
Hapo hata -wa haikuwapo.
Hazihitajiki: kama majani yakaukavyo,
kama kikombe kinavyovunjika kabatini
usiku, watu wamelala.
Elfu yangu alinilipa palepale, noti mpya.

Barua zako za madai nilizipiga tano, tatu kwa mkopo.
Ya kwanza ilisema "kwa heshima kubwa."
Ya tano haikuwa na heshima, nikaongeza kidogo
kwa sababu nilikuonea haya.
Mwenye nyumba alishatoa kitanda uani.
Mke wako Cibalonza alirudi Muhanzi kuuza sambaza,
akapita hapa mara moja, akaniuliza
kama kompyuta haiwezi kurudi nyuma
hadi ile siku, nikae kimya kidogo zaidi
na kidole changu hewani.

Mwezi wa tano fidia ikalipwa:
mifuko miwili ya saruji kutoka ghala la Prezida,
mmoja umeganda kama jiwe la mpaka,
na mipira saba iliyochoka, ndani ya wavu.
Ulipita mbele ya kibanda umeibeba mgongoni.
Watoto wakakufuata mteremko mzima
wakidhani kuna mazoezi.

Jana Prezida amekuja na kijana wa Uvira,
Kashindi, kola imepigwa pasi, mkoba mpya.
Kiti kilekile. Simu ileile.
"Weka ile ya zamani, badili jina tu."
Nikaifungua. Nikakufuta herufi moja moja,
saba, kama ile mipira.
Sikupiga jina lake bado.
Nikageuza kioo upande wake, nikasema: soma, baba,
leo umeme upo, hakuna haraka.

Akainama. Midomo ikawa inacheza.
Alipita mshahara, alipita nyumba, alipita pikipiki,
akafika pale, akarudi mwanzo wa mstari,
akaweka kidole kilicholowa mvua
chini ya -wa.
"Na nani?"

Prezida akainua kichwa.
Simu ikaendelea kucheka peke yake
mkononi mwake.