Mbegu za Vumbini

Juu ya bahasha ya dawa imeandikwa: moja mara tatu,
baada ya kula.
Ndani hamna kidonge. Mna mbegu za zinia,
nyepesi kama vipande vya kucha,
na za kosmosi, nyeusi, nyembamba,
kama sindano zilizokatika tundu.

Kabula alinipa, wodi ya tano, kitanda cha dirishani,
siku aliyoruhusiwa. Mimi nilikuwa napiga deki.
Akasema, Dada Nyamizi, usingoje mvua.
Anayengoja mvua ndipo apande
huchanua pamoja na watu wote.
Weka mbegu chini kungali na vumbi.
Tone la kwanza mbegu ilisikie yenyewe,
isije ikahadithiwa.
Kisha akajifunga kitenge, akaenda kupanda meli ya Ukerewe,
akihesabu pumzi zake ngazi kwa ngazi.

Huku Igogo nyumba yangu imekaa juu ya jiwe
na jiwe limekaa juu ya jiwe jingine,
sijui la chini kabisa limekaa juu ya nini.
Udongo tunauita udongo kwa heshima tu:
kiganja cha changarawe katikati ya mawe mawili,
pale ninapomwaga maji ya kufulia.
Nilipanda tarehe nne Septemba, jua limekaza,
ziwa kule chini linang'aa kama bati jipya.
Nikakwaruza kwa kijiko, nikanyunyiza, nikafunika
kwa vumbi lile lile, kama mtu anayeficha hela.

Mama Shija wa nyumba ya juu akacheka mpaka akashika ukuta:
Haraka haraka, jirani!
Nikamjibu: Ngoja ngoja, jirani!
Tukaishia hapo, methali mbili zimegongana pembe
na hakuna iliyoanguka.

Kuku wake ndio waliojua kujibu.
Asubuhi walikuja wote, wakachakura kama wanaodai deni.
Nikashuka mwaloni Kirumba, nikaomba kipande cha wavu wa dagaa,
kilichochakaa, kisichonasa tena hata kivuli.
Nikakitandika. Kuku wakakoma.
Wakaja paka.
Siku tatu bustani yangu ililindwa na paka
ikanuka kama soko.
Sisimizi nao walibeba zao. Sikuwahesabia.

Tarehe kumi na mbili kikanyesha kimvua cha uongo,
cha kulowesha vumbi na kuwakimbiza watu kuanua nguo.
Mbegu nyingine ziliamini.
Zikaota, nyuzi za kijani,
na kufikia Jumapili jua lilikuwa limezikunja
kama herufi za mtoto anayejifunza kuandika.
Nilisimama na ndoo mkononi.
Maji ya bomba yalikatika tangu Ijumaa.
Mama Shija alipita, hakusema kitu.
Hilo liliniuma zaidi.

Zipo mbegu zisizoamini upesi.
Usiku wa kuamkia ishirini na saba, mvua ya kweli
ilianzia mabati ya chini, ufukweni,
ikaukwea mlima nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango,
mpaka kwangu.
Nililala macho wazi. Niliwaza: sasa zinasikia.

Watu walipotoka na majembe yao
zangu zilikuwa na majani manne.

Leo ni kumi na sita Novemba.
Zinia nyekundu saba, na moja ya chungwa
isiyofanana na wenzake, imeinama kidogo.
Kosmosi zinatikisika hata pasipo upepo.
Mama Shija amekuja, ana bahasha tupu mkononi.
Hakuomba. Ameishika tu,
anazungumzia bei ya mkaa.

Kadi ya kliniki ya Kabula ilisema kumi na tisa.
Niliiona nikifuta kabati lake.
Sijachuma hata moja.
Nimeosha kopo la maziwa ya unga, nimelijaza maji,
nimeliweka dirishani.
Linangoja,
ingawa mimi mwenyewe nilishaambiwa nisingoje.